Chapa ya Metui Katika Kitabu cha Forodha

Tulimwacha Lukresia Hhando amesimama mbele ya meza ya karani wa forodha hapo Karatu, kidole chake kikiwa juu ya jina la mumewe, na mkono wa mtu asiyemwona ukishuka kutoka nyuma yake na kuufunika ukurasa.

Mkono ule ulikuwa mpana na ulinuka chumvi.

Lukresia hakugeuka. Shingo ilimkatalia. Siku mbili zilizopita, katika ukungu wa asubuhi kwenye njia ya Gongali, sauti ya mwanamume ambaye hakumwona ilimwonya asikisome kitabu kile ikiwa anamtaka mumewe akiwa hai. Sasa aliingoja sauti ile sikioni mwake.

"Shemeji," sauti ilisema, "taratibu. Utaichana karatasi ya serikali, wakufunge na wewe."

Pumzi zikamrudia. Alikuwa Msafiri.

Msafiri, mwenye banda la ngozi, rafiki wa mumewe kwa miaka tisa. Msafiri, aliyeleta debe la unga nyumbani tangu siku ile mbaya, na ambaye gari lake ndilo lililomleta Lukresia mjini asubuhi hii. Ni kweli kwamba jana, akiwa mezani pa Lukresia, alimsihi aache kwenda, akisema mambo ya forodha yana wenyewe. Lakini alipoona hashindiki, alisema basi atampeleka mwenyewe, mwanamke asitembee peke yake na ukungu huu.

Lukresia alimshukuru Mungu kwa kumpa jirani kama huyo.

Msafiri akauondoa mkono, akamwambia asome upesi wapate kuondoka, kisha akatoka kwenda kuangalia gurudumu lililokuwa likipungua upepo.

Msomaji aliyeanza nasi leo na ajue neno hili moja, litamtosha.

Ulikuwa mwezi wa Julai, mwaka 1966. Josephati Hhando, dereva wa lori, alikuwa ameshuka kutoka Arash na mzigo wa ngozi, akapita Ngorongoro, akasimamishwa kwenye kizuizi cha forodha cha Karatu. Marobota kumi na mawili yalikuwa ya Msafiri, yenye kibali, na yalikuwa safi. Robota la kumi na tatu halikuwa na kibali. Ndani yake zilikutwa pembe tatu za kifaru.

Josephati aliapa kwamba hajui robota hilo limepandaje lorini. Lakini kitabu cha forodha kilisema vingine. Kilisema kwamba robota lile ni lake mwenyewe, na kwamba alilifunga kwa mikono yake huko Arash mbele ya mfugaji aitwaye Metui. Kwa maneno hayo Josephati alikuwa mahabusu Arusha, akingojea kifungo cha miaka saba.

Mlangoni pa ofisi palikuwa pamebandikwa tangazo. Lilisema kwamba kitabu cha mizigo iliyozuiliwa kitakuwa wazi kwa mtu yeyote, mwenye mzigo na asiye na mzigo, kwa siku kumi na nne, tangu saa mbili asubuhi hadi saa sita mchana. Mwenye pingamizi ataliandika humo kwa mkono wake, na karani atalithibitisha kwa sahihi na mhuri. Siku hizo zikiisha, kitabu kitapelekwa mahakamani, na lililoandikwa litasimama kama lilivyoandikwa.

Leo ilikuwa siku ya kumi na nne. Saa ya ukutani ilionyesha saa nne na nusu.

Lukresia alikuwa amekuja mara mbili kabla ya leo. Mara ya kwanza karani alikuwa na homa. Mara ya pili ni ile sauti ya ukunguni iliyomrudisha njiani. Mbali na yeye, hakuna mtu wa Karatu aliyewahi kukanyaga ofisi ile kwa ajili ya kusoma. Watu walilipita tangazo wakidhani kitabu cha serikali ni cha serikali.

Akarudi kwenye ukurasa. Maandishi ya karani, Bwana Shaabani, yalikuwa ya wima na safi, naye Lukresia, aliyefundishwa na watawa wa misheni, aliyasoma bila kukwama. Chini ya maandishi ilishikizwa kwa pini karatasi nyembamba ya ushahidi. Chini kabisa ya karatasi hiyo hapakuwa na sahihi wala dole gumba. Palikuwa na mchoro wa duara dogo lenye mkia uliopinda.

Huo ulikuwa utaratibu wa Shaabani na wafugaji wa juu. Wao hawakupenda kutia dole. Walisema dole halina ukoo. Basi Shaabani aliwaachia wachore ile chapa wanayowapiga ng'ombe wao kwa chuma cha moto, kwa kuwa kila mmoja aliijua chapa ya mwenzake kama sisi tunavyojuana kwa sura. Kwa miaka yote hakuna aliyewahi kulalamika.

Lori likapiga honi kwenye kizuizi. Shaabani akainuka, akahakikisha kwamba mnyororo uliofunga kitabu kwenye mguu wa meza umekazwa, akatoka kwenda kulikagua.

Chumbani walibaki Lukresia na Mmasai mmoja mrefu aliyekaa kwenye benchi akingoja kibali cha mablanketi aliyonunua Narok.

"Takwenya, yeyo," akamwamkia kwa lugha ya kwao.

"Iko," Lukresia akaitikia, bila kuondoa macho kitabuni.

Mmasai akauliza kama kitabu kile kinakamwa maziwa, maana hajapata kuona kitu kilichofungwa mnyororo ambacho hakikamwi. Lukresia hakuweza kucheka. Yule mtu akasimama, akaja kuchungulia juu ya bega lake, na utani ukamtoka usoni.

"Hiyo ni ya nani?" akauliza, akinyosha fimbo kwenye mchoro.

Lukresia akamwambia ni chapa ya mtu mmoja wa Arash, Metui.

"Metui ni ndugu yangu. Baba mmoja, mama mmoja. Mimi naitwa Koinet." Akainama hata pua yake ikakaribia kugusa karatasi. "Na hii si chapa yetu. Huu mkia unaangalia nyuma."

Lukresia akamwomba aeleze. Koinet akaeleza taratibu, kama mtu anayemweleza mgeni mambo ya nyumbani kwake. Chapa yao hupigwa ubavu wa kulia, na mkia wake hupindia mbele, upande wa kichwa, kwa kuwa ng'ombe huenda mbele. Hakuna mtoto wa boma lao aliyeweza kuichora hivi, hata awe amelewa. Na hapakuwa na ukoo mwingine wenye chapa ya namna hii.

"Labda alikosea kwa sababu ya kalamu," Lukresia akasema.

"Wewe unaweza kukosea pua yako ilipo kwa sababu ya kalamu?"

Lukresia akaichomoa pini. Hakujua anatafuta nini. Aliinua ile karatasi nyembamba akaielekeza dirishani apate kuitazama vizuri, na mwanga mweupe wa ukungu ukapenya. Kwa upande alioshika yeye mkia ulipinda kushoto. Koinet alikuwa amezunguka akasimama upande wa pili, akiitazama karatasi kwa nyuma.

"Sasa ndiyo," Koinet akasema. "Huku niliko ndiyo yenyewe."

Lukresia akaitazama karatasi. Akaigeuza, akaigeuza tena.

Aliyeichora chapa ile hakuwa ameiona ubavuni mwa ng'ombe aliye hai. Aliiona kwa ndani. Na ni nani amwonaye ng'ombe kwa ndani?

Mwaka jana, wakati wa njaa, Lukresia alifanya kibarua cha kufagia banda la ngozi. Alikumbuka ngozi zilizowambwa kwenye fremu za miti, safu kwa safu, upande wa manyoya ukielekea ukutani na upande wa nyama ukielekea mtu. Chapa zilionekana huko kama makovu meupe, kila moja imegeuka. Aliyekaa humo kutwa nzima, miaka tisa, akihesabu ngozi za Arash, angezijua chapa zote za Arash kwa moyo. Angezijua kwa upande huo tu.

Banda lililonunua ngozi za Arash lilikuwa moja tu hapo Karatu.

Kupitia dirishani alimwona Msafiri akiwa amechuchumaa kando ya gurudumu. Alikuwa hafanyi chochote. Alikuwa anaitazama ofisi.

Lukresia akairudisha karatasi mahali pake. Pini ilimchoma kidole, asisikie. Akamuuliza Koinet kwa sauti ya chini ndugu yake yuko wapi, maana Metui mwenyewe akisimama hapa na kusema neno moja, mambo yamekwisha.

Koinet akaangalia mlangoni kwanza.

"Mablanketi ni kisingizio," akasema. "Metui alisikia kwamba huku kuna karatasi inayosema alishuhudia kitu. Akasema anakwenda kuiona. Aliondoka Arash siku ya nane leo. Watu wa Olbalbal, njiani huku, walimwona. Baada ya hapo hakuna aliyemwona. Sijamwambia mtu yeyote hapa, maana sijui ni nani wa kuambiwa. Nakuambia wewe kwa kuwa mumeo na ndugu yangu wamefungwa kamba moja."

Hatua zikasikika kwenye changarawe. Shaabani akaingia, na Msafiri akaingia nyuma yake, akausukuma mlango kwa kisigino ukafungwa.

"Baridi," akasema, akitabasamu. "Umemaliza, shemeji?"

Ilikuwa saa tano na robo.

Enyi mnaosoma, fikirini hali ya mwanamke yule. Mtu anayemwogopa kuliko wote alikuwa amesimama kati yake na mlango. Unga wa mtu huyo ulikuwa tumboni mwa watoto wake. Gari la mtu huyo ndilo la kumrudisha nyumbani, maili saba za ukungu. Na akinyamaza mpaka saa sita, Josephati amekwisha.

Alitamani kukaa chini. Badala yake alikifunga kitabu, akakilalia kwa viganja viwili, akaifanya sauti yake iwe ya mjinga.

Akasema kwamba kusoma amesoma, ila pale mwisho kuna kitu kimechorwa kama kichwa cha mbuzi, na yeye hajui maana yake.

Msafiri akacheka. "Mbuzi! Hiyo ni chapa ya akina Metui. Wamasai huweka hiyo mahali pa sahihi."

Lukresia akajibu kwamba hata hivyo yeye aliona mbuzi, na kwamba nani awezaye kutofautisha chapa za Wamasai wote hao.

"Mimi," Msafiri akasema, na kifua kikamjaa. "Ngozi za nchi hii zote zimepita mikononi mwangu. Nifumbe macho unitajie boma."

Juu ya meza ndefu ya kupokelea mizigo kulikuwa na kipande cha chaki ambacho Shaabani alitumia kutia namba kwenye masanduku. Msafiri akakiokota. Hakukitazama kitabu, kitabu kilikuwa kimefungwa chini ya mikono ya Lukresia. Akachora duara kwenye mbao, kwa wepesi wa mtu anayeandika jina la mtoto wake. Akatia mkia.

Mkia ulipinda kushoto.

Koinet akasogea, akachukua chaki katika vidole vya Msafiri kwa upole kabisa, akachora duara jingine kando ya lile la kwanza. Mkia wake ukapinda kulia.

"Hii ni ng'ombe anayetembea," akasema. "Hiyo yako ni ng'ombe aliyechunwa."

Shaabani alitazama mchoro mmoja, kisha wa pili. Alikuwa mtu wa makamo, mwembamba, mwenye kofia ya kitambaa na macho ya manjano ya homa. Akakivuta kitabu polepole kutoka mikononi mwa Lukresia, akakifungua, akaitazama ile karatasi. Akakaa.

"Bwana Karani," Lukresia akasema, na sasa sauti yake haikuwa ya mjinga, "naomba kalamu."

Tabasamu la Msafiri halikufutika. Hilo ndilo lililomtisha Lukresia zaidi. Alisema kwa upole kwamba shemeji amechoka, amelia wiki tatu, na watu wakichoka huona mambo. Akasema makosa ya mkono ni makosa ya mkono. Kisha akaishusha sauti.

"Nani amewalisha wanao, Lukresia?"

Hakuwa amewahi kumwita kwa jina. Hata siku moja.

"Wewe," akajibu. "Mungu atakulipa kwa unga. Kalamu, Bwana Karani."

Shaabani akampa kalamu. Aliandika kama alivyofundishwa na watawa, herufi kwa herufi, akisema kila neno kwa midomo isiyotoa sauti. Aliandika kwamba chapa hii si ya Metui, kwamba imegeuka, kwamba imechorwa na mtu aliyezoea kuiona kwa upande wa ndani wa ngozi. Aliandika kwamba mtu huyo ameichora tena leo, mbele ya karani na mbele ya Koinet. Aliandika jina la mtu huyo. Chini akaandika lake.

Sasa ilibaki sahihi ya karani na mhuri. Saa ya ukutani ilionyesha saa sita kasoro dakika kumi.

Shaabani hakuugusa mhuri.

"Fikiri vizuri, Bwana Shaabani," Msafiri akasema. "Karatasi hiyo ya ushahidi, mbele ya serikali uliipokea wewe. Wakiuliza ulimwona Metui akichora, utasemaje?"

Karani akauinamisha uso. Ilikuwa dhahiri kwamba swali hilo amekuwa akijiuliza mwenyewe. Lukresia akajua kwamba chumbani mle hayuko peke yake katika hofu. Jambo hilo halikumfariji. Mtu mwenye hofu huweza kutenda lolote.

Dakika zilizobaki zikapungua. Saba. Sita.

"Sikumwona," Shaabani akasema hatimaye, akiitazama meza. "Kanuni inanitaka nipande Arash mwenyewe. Nilikuwa na homa. Niliituma fomu tupu kwa gari lililokuwa likienda juu, ikarudi imejazwa. Niliikuta dirishani ndani ya bahasha. Sikuuliza nani ameileta, kwa kuwa nilifurahi kwamba kazi imekwisha. Nimeajiriwa miaka kumi na sita, na hilo ndilo nililolifanya."

Msafiri akamwambia kwamba kwa maneno hayo atafukuzwa kazi.

"Huenda nikafungwa," Shaabani akasema. "Lakini kitabu hiki tuliwatangazia watu kwamba ni chao kukisoma. Huyu ni wa kwanza kuja. Siwezi kumfungia yeye mlango."

Akatia sahihi. Akauchovya mhuri kwenye wino, akaugandamiza ukurasani kwa uzito wa bega zima, akaandika saa. Saa sita kasoro dakika tatu.

Lukresia alishika ukingo wa meza. Machozi yalimtoka bila kilio. Pingamizi limeingia. Josephati hatahukumiwa kwa karatasi ile peke yake.

Lakini Shaabani hakuwa amemaliza. Alifungua jalada la mbele, akatafuta kwa kidole, akasoma kanuni kwa sauti kavu ya ofisini. Pingamizi juu ya alama ya shahidi huishi siku tatu. Ndani ya siku hizo, mwenye alama na aje mwenyewe, asimame mbele ya kitabu, aikane alama hiyo kwa mdomo wake. Asipokuja, pingamizi limekufa, na ushahidi wa kwanza unasimama.

Lukresia akamtazama Koinet. Koinet hakumtazama. Uso wake ulikuwa kama ukuta.

Msafiri alikuwa wa kwanza kutulia. Akaketi kwenye benchi, akanyosha miguu, akatoa leso, akaanza kujifuta chaki kidole kimoja kimoja kama mtu aliyemaliza kula. Hasira yote ilimtoka. Alionekana mtu aliyesikia habari njema.

"Siku tatu," akasema. "Haya, si haba. Mtafuteni. Lakini kule juu ukungu ni mzito mwezi huu, na kreta ya Ngorongoro ni pana. Mnaweza kutafuta siku tatu msione hata fimbo yake."

Shaabani akakunja uso bila kuelewa. Akasema kwamba hapana haja ya kumtafuta mtu. Metui yuko kwake Arash, watamtumia salamu kwa gari la leo, kesho kutwa atakuwa hapa.

Leso ikasimama katikati ya vidole.

Koinet akatembea mpaka mlangoni, bila haraka. Akauegemeza mgongo wake pale, akaishika fimbo kwa mikono miwili.

"Kwamba ndugu yangu amepotea," akasema, "nimemwambia mama huyu peke yake, wewe ukiwa nje kwenye gurudumu. Karani mwenyewe hajui. Wewe, mtu wa ngozi, umeambiwa na nani?"